Kupaka Rangi ya Jeli Nyumbani Ikadumu Wiki Mbili

Kila mtu anaponunua taa ya kucha na chupa mbili tatu za jeli pale Kariakoo, maswali yanayofuata baada ya siku chache huwa ni yale yale: kwa nini imebanduka siku ya tatu wakati ya saluni ilikaa wiki mbili, kwa nini imefanya mikunjo, je, nimeuziwa rangi feki? Mara nyingi rangi haina kosa. Kudumu kwa jeli huamuliwa kabla chupa ya rangi haijafunguliwa, katika kusafisha na kukausha ukucha, na baada ya hapo huamuliwa na wembamba wa kila mkono wa rangi, yaani kila tabaka, unaoupaka. Mwongozo huu unahusu jeli inayopakwa juu ya kucha zako mwenyewe. Hauhusu kucha za kubandika wala akriliki, ambazo zina kazi yake na hatari zake.

Asiye na taa asijaribu jeli kabisa, kwa sababu jeli haikauki kwa hewa wala kwa feni. Huiva kwa mionzi tu, kama ile ya taa ya kucha. Rangi ya kawaida, ikifuata maandalizi haya haya na kufungwa vizuri kwenye ncha, inaweza kukaa siku nne au tano, na kwa wengi hiyo inatosha.

Nani asianze

Usipake jeli juu ya ukucha wenye kidonda, wenye fangasi, au ulioachana na nyama yake. Rangi itaficha tatizo, nalo litaendelea kukua chini yake. Anayetumia doksisaiklini asubiri amalize dozi, kwa kuwa dawa hiyo huifanya ngozi na kucha ziathirike upesi na mionzi ya urujuanimno, na taa ya kucha hutoa mionzi ya aina hiyo. Aliyewahi kuwashwa vidole au kuvimba ngozi baada ya kupaka jeli au akriliki asirudie hata kwa chapa nyingine. Sababu nimeieleza kwenye hatua ya sita.

Kwa msomaji anayeswali, jeli huzuia maji kufika kwenye ukucha wakati wa kutia udhu, na tofauti na rangi ya kawaida haitoki kwa kufuta mara moja. Ndiyo maana wanawake wengi hupaka wakiwa katika siku zao na kuitoa kabla ya josho. Kama huo ndio mpango wako, panga na siku ya kuitoa tangu mwanzo, kwa kuwa kuitoa kwa haraka ndiko kunakoharibu kucha.

Mahitaji

- Taa ya kucha ya LED. Nyingi zilizopo sokoni hutoa mionzi ya nanomita 365 na 405, na hizo huivisha karibu jeli zote. Taa ndogo za kuchomeka kwenye chaja ya simu huivisha kidole kimoja au viwili kwa wakati na huhitaji muda mrefu zaidi. Zinafaa kwa kurekebisha kidole kilichoharibika kuliko kwa kazi nzima. Angalia plagi kabla ya kulipa, maana taa nyingi huja na plagi ya miguu miwili. Kuhusu umeme wa LUKU usiwe na wasiwasi: taa ya wati 48 ikiwaka dakika ishirini haifikishi hata sehemu ya hamsini ya yuniti.
- Beisi (inayopakwa kwanza), rangi na topu (inayopakwa mwisho), zote ziwe za jeli, na ikiwezekana ziwe za chapa moja. Topu ya rangi ya kawaida haifai juu ya jeli.
- Kikata kucha, tupa ya kucha ya namba 180 au laini zaidi, na bafa laini ya kusugulia ukucha. Tupa ya chuma iache.
- Kijiti cha mti au kifaa cha kusukumia ngozi ya shina la ukucha.
- Spiriti ya duka la dawa, au alkoholi ya aisopropili ya asilimia 70 au zaidi. Spiriti nyingine huchanganywa na mafuta, kwa hiyo ijaribu kwanza: tone moja juu ya kioo, subiri likauke, na kama limeacha ukungu wa mafuta, hiyo haikufai. Sanitaiza ya mikono nayo haifai, kwa kuwa ina gliserini.
- Vitambaa visivyotoa nyuzi. Pamba huacha nyuzi ambazo zitaonekana ndani ya rangi hadi siku ya kuitoa.
- Asetoni safi, pamba na karatasi ya foili kwa siku ya kutoa.
- Mafuta ya nazi au ya mzaituni, ambayo yatakaa mbali na meza hadi hatua ya mwisho.

Soma chupa kabla ya kununua. Chupa isiyo na orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi wala jina la mtengenezaji irudishe rafuni hata kama rangi yake inavutia. Usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, mwaka 2019, na duka linalojali huuza bidhaa zenye maelezo kamili. Kiambato kinachoandikwa HEMA ndicho kinacholaumiwa zaidi kwa mzio wa kucha. Tangu 2021 Umoja wa Ulaya umetaka bidhaa za kucha zenye HEMA ziandikwe kwamba ni kwa matumizi ya wataalamu tu. Kingine ni TPO, kinachosaidia jeli kuiva kwenye mwanga, ambacho umoja huo umekipiga marufuku katika vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025. Jeli zisizo na viambato hivyo zipo, na kwa anayejifunza mwenyewe, ambaye mkono wake bado utagusisha rangi kwenye ngozi, ningeshauri aanze na hizo hata kama bei imezidi kidogo.

Mahali na wakati

Kaa mbali na dirisha lenye jua na usifanye kazi hii barazani, kwa kuwa mwanga wa jua pia huivisha jeli, nayo itaganda kwenye brashi na kwenye mdomo wa chupa. Joto la Dar es Salaam, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, hufanya jeli iwe nyepesi na kukimbilia kwenye ngozi. Fanya kazi usiku au asubuhi mapema, na uache chupa mahali penye ubaridi kabla ya kuanza. Pangaboi liwe taratibu wakati wa kuandaa kucha ili mikono isitoke jasho, kisha lizime unapoanza kupaka, maana hupeperusha vumbi la tupa na kulirudisha juu ya kucha.

Mara ya kwanza tenga saa mbili. Umeme ukikatika katikati, futa kwa spiriti mkono wa rangi ambao haujaiva na uache iliyokwisha kuiva kama ilivyo. Umeme ukirudi, pangusa vumbi kwa spiriti na uendelee ulipoishia.

Hatua

1. Toa rangi ya zamani, nawa kwa sabuni na ukaushe mikono vizuri, kisha subiri. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wamezoea mpaka rangi wa mtaani anayeanza kwa kuloweka vidole kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Ukucha hunywa maji na kutanuka, na baadaye hunywea unapokauka. Jeli iliyopakwa juu ya ukucha uliotanuka hubaki na umbo lile la kwanza huku ukucha ukirudi nyuma chini yake, na hapo ndipo inapoachia. Kama umetoka kufua, kuosha vyombo au kuoga, subiri walau saa moja.

2. Kata kucha na uzichonge kwa tupa kuelekea upande mmoja, bila kuisugua mbele na nyuma kama msumeno. Kwa anayefua kwa mkono na kusonga ugali kila siku, kucha fupi zenye pembe za mviringo hudumisha jeli kuliko ndefu zenye ncha kali, kwa kuwa kila pigo la ncha ndefu huivuta rangi kutoka juu.

3. Sukuma ngozi ya shina la ukucha. Ukitazama kwa makini utaona vitu viwili. Kipo kikunjo cha ngozi hai kinachozunguka ukucha, ambacho hakikatwi kwa sababu ndicho kinachozuia vijidudu kuingia, na upo utando mwembamba uliokufa, mweupe kiasi, uliotambaa kutoka chini ya kikunjo hicho na kushikamana na ukucha. Utando huo ndio adui wa jeli. Rangi inayopakwa juu yake imeshika ngozi iliyokufa, nayo huinuka kutoka shinani ndani ya siku tatu hata kama kila kitu kingine kilifanywa sawasawa. Rudisha kikunjo nyuma polepole kwa kijiti, kisha kwangua utando kwa upande wa kijiti kwa duara ndogo ndogo, ukimaliza kwenye pembe mbili za ukucha ambako hujificha. Ukikauka sana, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, ukwangue, kisha uache ukucha ukauke tena. Usiwe na haraka hapa. Nusu ya muda wako wote inaweza kuishia kwenye hatua hii, na ni sawa.

4. Pitisha bafa kwa wepesi juu ya ukucha wote hadi mng'ao wa asili uondoke. Kinachotakiwa ni kuondoa mng'ao, na si kupunguza unene wa ukucha. Ukihisi joto au uchungu umekwisha kupita kiasi.

5. Pangusa vumbi kwa brashi kavu, kisha futa kila ukucha kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti, pamoja na pembeni na chini ya ncha. Kuanzia hapo usiguse kucha kwa kidole, usishike simu, wala usipitishe mkono kwenye nywele. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuharibu ukucha mmoja. Kama unataka kukinga ngozi ya mikono dhidi ya mionzi, madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri krimu ya jua ya SPF 30 au zaidi, au glovu nyeusi zilizokatwa ncha. Kwa kazi ya nyumbani glovu ni bora, kwa sababu krimu itafika kwenye kucha.

6. Paka beisi nyembamba kiasi kwamba utadhani hujapaka. Acha nafasi ndogo, kama upana wa uzi, kati ya rangi na ngozi pande zote. Mwisho pitisha brashi kwenye ncha yenyewe ya ukucha, ule unene wake wa mbele, ili ncha ifungwe. Ikigusa ngozi, ifute kwa kijiti chenye spiriti *kabla* ya kuingiza mkono kwenye taa. Hili si suala la unadhifu tu. Jeli mbichi inayogusa ngozi mara kwa mara, pamoja na jeli isiyoiva vizuri, ndiyo inayoleta mzio wa akrilati, kemikali zinazounda jeli, na mzio huo ukishaingia kwa kawaida hauondoki tena maishani. Kemikali za jamii hiyo hutumika pia katika kuziba meno na katika saruji ya mifupa wakati wa upasuaji, kwa hiyo gharama ya uzembe huu inaweza kukufuata hadi hospitali. Ivisha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kwa taa nyingi za LED huwa ni sekunde 30 hadi 60.

7. Paka mkono wa kwanza wa rangi. Utaonekana na michirizi na mabaka, na hapo mwanafunzi hushawishika kuongeza. Usiongeze. Mionzi haipenyi rangi nzito, hivyo juu huiva na chini hubaki mbichi. Nyeupe, nyeusi na rangi zote zilizokolea zinahitaji wembamba zaidi kuliko waridi au rangi ya ngozi. Anza na vidole viwili kwa wakati mpaka uzoee, kwa kuwa ukipaka vitano kwa pamoja kwenye joto letu, cha kwanza kitakuwa kimekwisha kumwagika pembeni. Funga ncha, kisha ivisha, kwa kawaida sekunde 60. Kidole gumba kiingie peke yake baada ya vingine, kwa sababu mkono ukilala bapa chenyewe hugeukia upande na mwanga haukipati sawasawa.

   Ukihisi ukucha unachoma ndani ya taa, toa mkono mara moja, subiri sekunde chache na uurudishe. Jeli hutoa joto inapoiva, na joto kali ni dalili kwamba umepaka nene au ukucha wako umekuwa mwembamba kwa kusuguliwa.

8. Rudia mkono wa pili vile vile. Ule unato unaousikia juu ya rangi baada ya kutoka kwenye taa ni wa kawaida, na ndio unaoshikisha mkono unaofuata, kwa hiyo usiufute katikati ya kazi. Ikibidi, weka mkono wa tatu mwembamba, lakini usibadilishe miwili myembamba kwa mmoja mnene kwa ajili ya kuokoa muda.

9. Paka topu, nene kidogo kuliko rangi lakini isiguse ngozi, na ufunge ncha kwa mara ya mwisho. Iache kwenye taa sekunde 60 hadi 90.

10. Kama topu yako ni ya kufutwa, subiri dakika moja ipoe, kisha futa unato kwa spiriti. Ukiifuta ikiwa na moto mng'ao hupungua. Topu isiyohitaji kufutwa iache. Sasa ndipo mafuta ya nazi yanaruhusiwa mezani: tone moja kwenye shina la kila ukucha.

Anayetumia mkono wa kulia aanze kupaka kucha za mkono wa kulia, akitumia mkono wa kushoto akiwa bado hajachoka. Umaridadi wa mkono wa kushoto huja kwa mazoezi, na wapo wanaoupata upesi zaidi kwa kukaza kiwiko mezani na kuzungusha kidole badala ya brashi.

Kuitunza

Vaa glovu unapofua na unapotumia dawa ya madoa, na usifanye kucha kuwa kifaa cha kufungulia kopo la soda, kukwangua vocha au kubandua stika. Kupara samaki na kukuna nazi kwenye mbuzi humaliza ncha upesi kuliko kazi nyingine yoyote ya jikoni; anayeweza kumwachia mwingine kwa wiki hizo mbili na amwachie. Bizari ya pilau na manjano huacha doa kwenye jeli nyeupe na zilizopauka, hasa kwa anayekula kwa mkono. Futa kwa spiriti siku hiyo hiyo. Mafuta kwenye shina la kucha kila usiku huzuia ngozi kukauka na kuchanika.

Ikienda kombo

*Inainuka kutoka shinani.* Utando wa hatua ya tatu ulibaki, au rangi iligusa ngozi. Chonga kwa tupa, kwa upole, sehemu iliyoinuka na usiivute.

*Inakatika nchani.* Ncha haikufungwa, au kucha ni ndefu kuliko kazi unazofanya. Chonga sehemu hiyo, futa kwa spiriti, paka rangi kidogo na topu, kisha uivishe. Dakika tano zinatosha.

*Inatoka yote kama ganda.* Ukucha ulikuwa na maji au mafuta. Rudi hatua ya kwanza na ya tano.

*Ina mikunjo juu.* Rangi ilikuwa nene au taa ni dhaifu. Kwa taa ya zamani yenye balbu za mirija, dakika mbili kwa kila mkono wa rangi ndizo za kawaida, na balbu zake huchoka hata kama bado zinaonekana kuwaka.

*Ina vipovu.* Chupa ilitikiswa. Izungushe kati ya viganja badala ya kuitikisa.

*Kuna doa la kijani chini ya rangi.* Bakteria wamepata unyevu kati ya jeli iliyoinuka na ukucha. Toa rangi, acha ukucha wazi na mkavu, na umwone mtaalamu wa afya ikiwa doa linaongezeka au kunauma.

*Ngozi inawasha, inavimba au ina malengelenge, pengine hata kwenye kope au shingo ulikojigusa.* Toa jeli yote na usijaribu chapa nyingine ili kuona kama itakuwa tofauti. Nenda kliniki ya ngozi.

Kuitoa

Itoe mwisho wa wiki ya pili, au ya tatu ikiwa bado imeshika. Kucha za mikono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na kadiri uzito wa jeli unavyosogea mbele ndivyo ukucha unavyoweza kukatika kwa kugongwa kidogo.

Chonga topu hadi mng'ao uishe, kwa kuwa asetoni hupenya kwa shida ikiwa topu ni nzima. Paka mafuta kwenye ngozi inayozunguka ukucha, weka kipande cha pamba chenye asetoni juu ya ukucha, funga kwa foili na usubiri dakika 10 hadi 15. Jeli itakuwa imevimba na kulegea, na kijiti kitaisukuma bila nguvu. Isiposukumika, rudisha foili kwa dakika tano nyingine. Kuibandua kwa meno au kwa kucha nyingine huondoka na tabaka la juu la ukucha wako, na wale wanaosema jeli imewaharibia kucha mara nyingi waliharibu hapa.

Asetoni hushika moto upesi sana, na mvuke wake pia. Fungua madirisha, na usiifungue karibu na jiko la mkaa, gesi inayowaka, chetezo wala dawa ya mbu ya kuchoma. Foili na pamba zilizotumika zifunge kwenye mfuko kabla ya kutupa, na mtoto asizifikie.

Nawa, paka mafuta, na uzikague kucha kwenye mwanga wa mchana. Zikiwa ngumu na laini juu, unaweza kupaka tena kesho yake. Zikiwa na mabaka meupe yaliyokwaruzika au zinapinda kirahisi, ziache bila rangi kwa wiki chache, ukiendelea na mafuta kila usiku, mpaka sehemu iliyoharibika isogee mbele uweze kuikata.